Masufuria Mawili, Barua Moja

Nyumbani kwetu hapakuwahi kupikwa nyama. Majirani wa Kangemi, upande ule unaopakana na Mountain View, walidhani sisi ni maskini kupindukia. Wengine walisema mama amejiunga na dini inayokataza. Sababu yenyewe ilikuwa kazi. Katika jiko lile lile lililotupikia ugali, mama alipikia sambusa za mboga za familia za Kihindi za Spring Valley, na kabla ya kujiajiri alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa ajuza mmoja wa huko aliyemfundisha kwamba chakula cha mtu asiyekula nyama hakitoki kwenye sufuria iliyoonja nyama. Hata yai halikuvuka kizingiti chetu.

Nyama tuliila kwingine: kwenye harusi, kwa shangazi, na katika chumba tulichokodi nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner. Huko mama alipika sambusa za kima za wateja wengine, Waislamu wa Parklands, Singasinga mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na watu wa makanisa waliotaka za sherehe. Jiko lingine, masufuria mengine, mafuta mengine, hata aproni nyingine. Akirudi kutoka Dagoretti Corner alioga na kubadilisha nguo kabla ya kugusa unga wa nyumbani. Hakuwaficha wateja jambo hili. Ila hakuna aliyemuuliza, na kila nyumba iliijua nusu yake tu.

Baba alitangulia nikiwa kidato cha pili, nami nikaacha shule nimsaidie mama. Mama alipomfuata tulibaki watatu. Mimi kifungua mimba, dada yangu aliyekuwa akisomea kompyuta mjini, na kitinda mimba wetu, msichana wa shule ya msingi ambaye alikuwa bado akilala na leso ya mama chini ya mto.

Baada ya mazishi familia iliketi. Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyesema. Huwa ananiita baba, kwa kuwa nilipewa jina la babake, na siku hiyo aliniita hivyo kwa upole ulionitisha.

“Baba, huwezi kulea wasichana kwa kukunja manda za sambusa. Mdogo atakuja kwangu Limuru. Huyu mkubwa ataenda kwa mjomba wake Nakuru. Wewe ni mwanamume, utajisimamia.”

Nilimwomba mpaka Krismasi. Nikasema nyumba ikiwa bado imesimama Krismasi, tusitenganishwe.

“Ikiwa imesimama,” alisema. “Na nitakuja kuangalia kwa macho yangu.”

Nyumba kusimama kulitegemea msimu mmoja. Mwaka ule Diwali na Idi ziliangukia wiki moja, na wiki hiyo ndiyo ingetubeba hadi mwaka mpya. Lakini wateja walikuwa wa mama. Aliwapigia simu kutoka kwenye kibanda cha barabarani, na namba alizishika kichwani, akaenda nazo. Mimi nilizijua nyumba tu, kwa kuwa ndimi niliyepeleka makopo. Kwa hiyo nilianza kupita geti kwa geti. Askari wengine walinirudisha. Akina mama waliotoka walinipa pole za kweli, kisha wakanipa kadi ya duka la mume, wakaniambia jambo lile lile kwa maneno tofauti: tuandikie imeli, sema una nini na nini, tutachagua. Kulikuwa na duka jipya Westlands lililouza sambusa zilizogandishwa, nalo lilikuwa likiwatumia orodha ya bidhaa kila wiki.

Mimi sikuwa nimewahi kuandika barua pepe. Dada yangu alikuwa nayo, na alinipeleka saiba moja, duka la intaneti, River Road, orofa ya pili, chumba chembamba chenye feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Mwenyewe, kijana mwenye shati la mikono mifupi na sauti ya mtangazaji wa mpira, aliegemea kiti chetu bila kualikwa.

“Sasa, bosi. Ni biashara gani?”

“Sambusa.”

“Niko na disketi hapa ina maelfu ya maimeli. Ofisi, mabalozi, mapastor, kila mtu. Unatuma mara moja, Nairobi nzima inajua.”

“Siwajui hao,” nikasema.

“Kwani mwenye supamaketi anajua wewe?”

Dada yangu alicheka, lakini hakuitaka disketi pia. Yeye alitaka tuandike barua moja nzuri, yenye vyakula vyetu vyote, tuitume kwa wateja wetu wote kwa mpigo. Mimi nilitaka tumwandikie kila mtu yake. Sikuwa na hoja kubwa. Ni kwamba mama alizungumza na kila mmoja kivyake, akamuulizia mkwe, akamuulizia goti, na sikuona ni vipi mtu aliyezoea kuulizwa goti lake atafurahia kusomewa tangazo.

“Brathe, angalia saa kwenye kona ya skrini,” dada alisema. “Hapa tunalipia dakika. Mmoja mmoja tutamaliza Diwali imepita. Wale wa Westlands wameshatuma mara ngapi?”

Alisema kweli. Akilini nilimwona shangazi akiingia kwa mlango wetu na begi tupu la nguo za mtoto, nikasema sawa. Aliandika kwa Kiingereza kizuri. Sambusa za mboga, sambusa za kima, kachori, za kuku kwa oda, bei nafuu kwa sikukuu zote mbili. Kisha akapanga anwani zote kwenye kisanduku kimoja juu, zikiwa zimefuatana kama watu kwenye foleni ya benki, akabonyeza.

“Imeenda?” niliuliza.

“Imeenda.”

Sikuamini kitu kinaweza kwenda bila hata sauti.

Kesho yake tulirudi mchana. Jibu la kwanza lilikuwa la mama mmoja Mwislamu wa Parklands. Alifurahi kwamba tunaendelea, akaagiza za kima za siku ya Idi, akauliza kama bado nyama tunanunua kwa mchinjaji yule yule wa halali. Dada alinibana bega. Kisha akaweka kidole kwenye skrini, juu kabisa. Jibu lile halikuja kwetu peke yetu. Lilikuwa limekwenda kwa kila mtu kwenye foleni.

La pili lilitoka kwa mama wa Kihindi wa Spring Valley. Lilikuwa fupi: hakujua kwamba tunapika nyama, je, mafuta ni yale yale? Nalo lilikuwa limekwenda kwa wote.

La tatu lilisema: tafadhali futa oda yetu ya kila mwaka. La nne lilisema hivyo hivyo, likaongeza kwamba wageni wao walikula sambusa zetu mwaka jana, na sasa watawaambia nini. Yule Singasinga wa vifaa vya ujenzi naye alikuwa ameingilia kati, akawaandikia wote kwamba zile ambazo hazitakiwi zipelekwe dukani kwake, vijana wake hawaulizi maswali. Siku nyingine ningecheka.

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Tuliketi tukingoja, dada akibonyeza tena na tena, na hakuna kilichoongezeka. Ukimya ule ulinitisha kuliko majibu, kwa sababu katika foleni ile ilikuwamo nyumba ya yule ajuza aliyemfundisha mama. Sisi na wateja wote tulimwita Ba, maana yake bibi, na nyumba nyingi za Spring Valley zilianza kununua kwetu kwa neno lake. Ba akiondoka, jiko la nyumbani limekufa.

“Tuwaandikie wote tena haraka,” dada alisema. “Tueleze majiko ni mawili.”

Mwenye saiba alikuwa amesoma yote juu ya vichwa vyetu. “Maneno mengi ya nini? Waandikie Wahindi mliacha nyama. Waandikie Waislamu nyama iko. Tenganisha tu. Nani atajua?”

“Mimi,” nikasema.

“Wewe hununui sambusa, buda.”

Sikuwa na hasira naye. Alikuwa akitupa kile alichokuwa nacho. Lakini nilijua kwamba barua ya pili, hata iwe tamu vipi, ingewakuta watu ambao wameshaanza kukumbuka kila kopo walilopokea kwetu na kujiuliza. Nilimwambia dada afunge. Nikashuka ngazi, nikaenda Spring Valley.

Getini alitoka mke wa mtoto wa Ba, mwanamke mrefu ambaye siku zote alikuwa akinipa maji. Siku hiyo hakufungua.

“Imeli ilifika kwa ofisi ya mzee wangu,” alisema. “Karani akaprinti akaweka kwa meza. Mbele ya watu. Unajua mzee aliniuliza nini?”

“Sijui, mama.”

“Aliniuliza kwa miaka hii yote nimekuwa nikilisha mama yake nini.”

Nilimweleza majiko mawili. Alisikiliza huku akitazama mikono yangu, na mimi nikaitazama pia, kana kwamba kuna kitu kingeonekana. Aliniambia anaamini kwamba mimi naamini hivyo. Hilo tu.

Nyuma yake, barazani, Ba alikuwa ameketi kwenye kiti cha mkeka, sari nyeupe, miguu haifiki chini. Hakuonekana kusikia. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aulizaye habari za mvua:

“Wewe nyumbani nakula nini?”

“Ugali, Ba. Sukuma. Maharagwe.”

“Krismasi?”

“Krismasi tunaenda kula kwa shangazi.”

Alifikiri. “Jumamosi mimi nakuja. Usipange kitu. Usioshe kitu.”

Siku zilizobaki hadi Jumamosi sikulala vizuri. Tuliketi na unga tusioweza kuukanda, kwa kuwa hatukujua tunakanda kwa ajili ya nani. Dada alikuwa anajilaumu, nami nilimwambia tulibonyeza wote wawili, na ndivyo ilivyokuwa. Kitinda mimba alituuliza kama Limuru kuna baridi. Nilimwuliza anaulizia nini. Akasema basi tu.

Jumamosi asubuhi mlango uligongwa mapema kuliko nilivyotarajia. Nilifungua nikamkuta shangazi, na chini ya kwapa lake kuku mzima, tetea mkubwa mwenye miguu iliyofungwa kwa kitambaa.

“Nilisikia wateja wamewakimbia,” alisema. “Nikaona nisingoje Krismasi. Chukua kuku, baba. Chinja tule, kisha tuzungumze.”

Wanaojua kwetu wanajua uzito wa jambo hilo. Mgeni wa ukoo haji mikono mitupu, na kuku aliyeletwa huchinjwa na mgeni akala. Kumkataa kuku ni kumkataa aliyemleta. Nilimpokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikampeleka nje, nikamfunga kwenye mti wa ukingoni mwa ua.

“Mbona unamfunga?”

“Shangazi, nitamchinja Dagoretti Corner. Hapa hatuchinji.”

“Mama yenu amekufa na bado mnafuata hayo?”

“Ndiyo.”

“Nimetoka Limuru na kuku.”

“Nakuomba, shangazi. Twende wote Dagoretti Corner jioni, nikupikie mwenyewe. Hapa siwezi.”

Aliketi kwenye kochi kwa nguvu, akaiweka mikono mapajani. Kando yake niliona begi lake. Lilikuwa limekunjwa, tupu. Kitinda mimba naye aliliona, akatoka nje akasimama karibu na kuku.

Gari la Ba lilipofika, watoto wa mtaa walikuja kuliangalia. Alishuka akiwa ameshikwa na mke wa mtoto wake, akavua viatu mlangoni ingawa nilimwambia sakafu ni baridi. Hakutaka kiti. Alikwenda moja kwa moja jikoni. Alifungua sufuria moja baada ya nyingine, akainamisha uso ndani, akavuta pumzi. Alinusa mwiko. Alinusa ubao wa kusukumia manda, akapitisha ukucha kwenye mipasuko yake. Alichukua kitambaa kilichokuwa kikining'inia dirishani akakinusa, kisha akampa mke wa mtoto wake naye anuse. Mimi nilisimama mlangoni. Kwa mama usafi ulikuwa usafi, lakini je, kama majirani waliazima sufuria siku za matanga? Nilijaribu kukumbuka. Matanga yalikuwa na watu wengi.

Ba alitoka jikoni akaingia sebuleni, akamwona shangazi. Wanawake hao wawili walitazamana.

Shangazi alisalimu, kisha hakuweza kujizuia. “Mama, ni wewe uliyewafundisha watoto wa kaka yangu kukataa kuku?”

“Kuku gani?”

“Si huyo hapo nje? Nimemleta kutoka Limuru kwa mkono wangu. Kijana huyu ana jina la baba yangu. Baba yangu alikula nyama mpaka wiki aliyokufa, hana jino hata moja, anafyonza mfupa. Na huyu ananiambia hapa hawachinji. Hata siku za matanga ya mama yao tulikula maharagwe, watu wazima kutoka pande zote, maharagwe. Tuliotaka nyama tulitumwa Dagoretti Corner na sahani, kama watoto wa shule. Nilitaka kulia kwa aibu.”

Mke wa mtoto wa Ba alikuwa amegeuka kumwangalia.

“Siku ya matanga pia?” aliuliza.

“Nakuambia. Mchungaji mwenyewe alikula maharagwe.”

Ba aliketi sasa, kwenye kochi, karibu na shangazi. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika.

“Mimi nafundisha mama yao,” alimwambia. “Hawa mimi hapana fundisha. Hawa mama yao nafundisha.”

“Basi aliwafundisha sana,” shangazi alisema.

“Sana,” Ba akakubali.

Wakanywa chai. Ba alimwuliza shangazi kuhusu bei ya viazi vya Limuru, na wakakubaliana kwamba vya siku hizi vina maji. Alipoondoka alinigusa kichwani, nikainama ili afikie.

Jumatatu tulikwenda River Road. Kulikuwa na jibu moja jipya, la mke wa mtoto wa Ba, naye alikuwa amelituma kwa wote. Lilisema kwamba yeye na Ba wamekwenda wenyewe, wameingia jikoni, wameona na wamenusa. Majiko ni mawili na nyumba ni mbili. Nyumba yao inaagiza kama kawaida. Dada alilisoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti, mpaka mtu wa kompyuta ya jirani akageuka.

Si wote waliorudi. Yule aliyeuliza awaambie nini wageni wake hakutuandikia tena, nami sikumlaumu. Wenye mafuta ni sisi, lakini mwenye wageni ni yeye. Wengine walirudi taratibu, wakaagiza kidogo kidogo kama mtu anayejaribu barafu kwa meno mabovu. Ilitosha.

Kabla ya kutoka, mwenye saiba alimwonyesha dada kisanduku kingine kinachotuma barua bila mmoja kuona jina la mwenzake. Tukakubaliana jinsi ya kuandika tangu siku hiyo. Barua ziwe mbili, ya walaji mboga na ya walaji nyama, kila mtu apate ya chakula chake na ya sikukuu yake. Na wale wa zamani, wa goti na mkwe, niwaandikie mimi mmoja mmoja, hata kama Kiingereza changu kinachechemea. Lakini chini ya kila barua, zote, mstari mmoja ule ule: nyama tunapika Dagoretti Corner, mboga tunapika nyumbani Kangemi, karibu uone.

“Huo mstari toa,” mwenye saiba alisema. “Kwa biashara mtu hasemi yote.”

“Acha ukae,” nikasema. Dada yangu akauacha.

Shangazi hakuondoka Jumamosi ile. Alisema miguu inamuuma. Jumapili hakuondoka pia, na oda zilipoanza kuingia aliosha mikono mpaka kwenye viwiko bila kuambiwa, akavuta stuli, akaanza kumenya njegere. Alikunja manda vibaya sana, pembe zikafumuka kwenye mafuta, na kitinda mimba alimwonyesha namna ya kuzibana kwa uji wa unga. “Polepole, mwalimu,” shangazi alimwambia. Yule tetea alitaga pale mtini, na kitinda mimba akalipeleka yai kwa jirani kabla ya mtu yeyote kulileta ndani.

Wiki ya sikukuu ilipopita, nilimwambia shangazi sasa twende Dagoretti Corner nimchinjie kuku wake. Alimwangalia tetea, akaniangalia.

“Huyu anataga, baba. Nitarudi naye.”

Nilimsindikiza mpaka stendi. Kuku alikuwa chini ya kwapa lake kama alivyokuja, na mkononi alibeba lile begi. Sikuweza kujizuia kuliangalia. Alikuwa amelijaza sambusa za mboga.

“Krismasi mje kwangu,” alisema. “Wote watatu. Mje mle nyama, tafadhali.”